Mtoto katoka vipele katikati ya dozi ya amoksilini, je kweli ni aleji?

Hili swali naulizwa karibu kila wiki, kliniki na hata WhatsApp usiku. Mtoto alikuwa na homa, akaandikiwa amoksilini (antibayotiki ya ukoo wa penisilini), siku ya tano au ya sita mama anamvua nguo amwogeshe anakuta kifua na mgongo vimejaa vipele, anashtuka, anaacha dawa hapohapo, anarudi hospitali, na kule kwenye kadi ya kliniki yanaandikwa maneno matatu kwa wino mwekundu: ALEJI YA PENISILINI. Basi imeisha hiyo, mtoto atatembea na hayo maneno mpaka anaoa. Mimi ni daktari wa ngozi, wagonjwa wangu wengi ni watoto wadogo, na nataka niwaeleze wazazi wenzangu kwa nini mara nyingi maneno hayo siyo kweli, na ni wakati gani yanakuwa kweli kabisa na inabidi ukimbie.

Kule Montreal, Kanada, madaktari walichukua watoto 818 ambao wote walikuwa wanashukiwa kuwa na aleji ya amoksilini, wakawapa dawa ileile hapohapo kliniki wakiwa wanawaangalia, kwanza asilimia 10 ya dozi, halafu ile 90 iliyobaki. Matokeo yakachapishwa 2016: asilimia 94 hawakupata kitu chochote. Waliopata shida muda uleule walikuwa 17, tena nyepesi, na waliotoka vipele baadaye walikuwa 31. Yani katika kila watoto 100 walioambiwa wana aleji, zaidi ya 90 walikuwa wanaweza kumeza hiyo dawa bila shida.

Sasa vipele vilitoka wapi? Mara nyingi vimetoka kwenye ugonjwa wenyewe. Virusi vya utotoni vinapenda sana ngozi. Chukua mfano wa roziola, ugonjwa wa watoto wa miezi sita mpaka miaka miwili hivi: homa inapanda juu siku tatu mpaka tano, mtoto anachemka lakini huoni sababu, halafu homa inashuka ghafla na siku hiyohiyo au kesho yake vipele vinatokea kifuani na shingoni. Sasa fikiria huyo mtoto siku ya pili ya homa kashapewa antibayotiki (ambayo hata hakuihitaji maana ni virusi), siku ya nne homa imeshuka, mama anasema dawa imefanya kazi, jioni vipele hivi hapa, dawa inasingiziwa. Tarehe zinafanana tu. Kuna pia virusi vya Epstein-Barr, hivi vikikutana na amoksilini au ampisilini mwilini vinaweza kuleta vipele vingi vya kutisha, na mtoto huyohuyo virusi vikishaisha anaweza kuja kutumia dawa ileile na isimfanye kitu.

Ila naomba kwa huku kwetu tusisahau surua. Vipele vinaanzia nyuma ya masikio na usoni ndo vinashuka chini, macho mekundu, mafua, kikohozi, na mtoto hajamaliza chanjo ya miezi 9 na ya miezi 18. Huyo siyo wa kukaa naye nyumbani mnajadiliana aleji, mpeleke, anahitaji vitamini A na wenzake wanahitaji kukingwa.

Kitu cha kwanza ninachomuuliza mzazi kabla hata sijagusa mtoto ni saa. Alimeza saa ngapi, vipele vilianza saa ngapi? Aleji ile ya kweli ya haraka huwa inakuja ndani ya saa moja baada ya dozi, wakati mwingine dakika chache tu. Na sura yake ni tofauti: ngozi inavimba mabaka yaliyoinuka kama amepitiwa na siafu, yanawasha sana mtoto hatulii, na yanahamahama. Hapo nawapa wazazi kazi moja rahisi: chukua peni, zungushia mstari baka moja, andika saa pembeni palepale kwenye ngozi. Yakiwa ni yale ya kuhama, kesho muda kama huo ndani ya mstari ngozi itakuwa safi na mabaka yamejitokeza sehemu nyingine. Yale mengine, ya kuchelewa, ya siku ya tano mpaka ya kumi, huwa ni vidoadoa vidogovidogo vinaanzia kifuani na mgongoni, vinakaa palepale, vinafifia taratibu kwa siku kadhaa mpaka wiki na ngozi inaweza kubambuka kidogo. Mtoto huku anacheza, anakula, anasumbua watu kama kawaida. Hivyo vya kuchelewa, hata kama kweli vimeletwa na dawa, kwa sehemu kubwa havina hatari.

Tatizo jingine ni picha. Vitabu vingi vimejaa picha za watoto weupe, kila ukurasa unasema wekundu, wekundu, wekundu. Ngozi ya mtoto wetu haiwi nyekundu kama ya kwenye kitabu, inakuwa ya kahawia iliyokolea au zambarau, na kuna mahali huoni rangi yoyote unaona tu ngozi imekuwa na vinundu. Kwa hiyo tumia mkono: pitisha kiganja taratibu mgongoni, vipele utavisikia kabla hujaviona. Msogeze mlangoni kwenye mwanga wa jua, na kama ni usiku usimmulike tochi ya simu moja kwa moja kwa mbele, imulike kutokea pembeni, vivuli vitakuonyesha kilichoinuka. Halafu angalia viganja, nyayo, ndani ya mdomo na weupe wa macho. Mabadiliko ya rangi pale yanaonekana vizuri zaidi hata kwa mtoto mweusi tii.

Na hapo kwenye mdomo na macho ndo penye hatari yenyewe. Ukiona vidonda mdomoni, midomo imechubuka, macho mekundu yana matongotongo, ngozi inauma ukiigusa (siyo kuwasha, inauma), malengelenge, au ngozi inachunika ukiisugua kidogo, acha dawa na uende hospitali usiku huohuo usisubiri asubuhi. Huu ni ugonjwa unaoitwa Stevens-Johnson na kwenye antibayotiki dawa za salfa kama Septrin ndizo zinaongoza kuuleta kuliko amoksilini. Watoto waliozaliwa na mama wenye VVU wanapewa Septrin kuanzia wiki ya sita hivi, inawaokoa wengi sana na sisemi mtu aiache kwa kusoma hapa, ila mama ajue dalili. Ukanda wetu una historia na hili jambo, utafiti wa Nairobi wa 1991 ndio ulioonyesha wazi jinsi dawa ya TB iliyoitwa thiasetazoni ilivyokuwa inachoma ngozi za wagonjwa wenye VVU, na dunia ikaacha kuwapa.

Hatari ya pili ni ile ya dakika chache: mabaka pamoja na kuvimba midomo au ulimi, kukoroma au kubanwa kifua, kutapika mfululizo, mtoto kulegea. Dawa yake ni sindano ya adrenalini kwenye msuli wa paja upande wa nje, miligramu 0.01 kwa kila kilo ya mtoto. Piriton haifungui njia ya hewa. Narudia, Piriton haifungui njia ya hewa, inapunguza kuwashwa tu, nimeona wazazi wanakaa nyumbani wanasubiri Piriton ifanye kazi huku mtoto anabanwa.

Mtu atasema sasa dokta, kuandika aleji kwa tahadhari kuna ubaya gani si dawa ni nyingi? Ubaya upo. Nimonia ya mtoto wa chini ya miaka mitano dawa ya kwanza ni amoksilini, kile kidonge cha kuyeyusha kwenye maji, bei ndogo na kipo mpaka zahanati ya kijijini. Ukishaifungia mlango unaenda kwenye dawa za bei juu, nyingine zinafanya kazi vibaya zaidi kwa huo ugonjwa, na nyingine zinafagia bakteria wengi bila sababu ndo usugu wa bakteria kwa dawa unaongezeka. Wanaoniumiza zaidi ni watoto wenye selimundu. Tanzania ni kati ya nchi zenye watoto wengi zaidi duniani wanaozaliwa na selimundu, na mtoto huyu anatakiwa penisilini mara mbili kila siku mpaka miaka mitano kwa sababu bandama lake halimkingi. Sasa mnyang'anye penisilini kwa ajili ya vipele vya roziola. Au mtoto wa homa ya baridi yabisi ambaye moyo wake unalindwa na sindano ya penisilini kila wiki tatu nne kwa miaka na miaka. Hawa ni watoto ambao ile kalamu nyekundu inaweza kuwagharimu maisha.

Tena hata aleji ya kweli ya haraka siyo ya milele, karibu nusu ya watu inawaisha ndani ya miaka mitano na baada ya kumi ni kama asilimia 80. Na aleji ya mama siyo ya mtoto, usimnyime mwanao penisilini kwa sababu wewe au bibi yake iliwahi kuwasumbua. Kuharisha wakati wa dozi nako siyo aleji.

Kupima tena kunawezekana, kwa kumpa dawa kidogo chini ya uangalizi, lakini ni hospitali penye adrenalini mkononi na daktari aliyesikiliza historia yote. Usijaribu nyumbani. Na aliyewahi kutoka malengelenge au vidonda vya mdomo na macho harudishiwi dawa hiyo kabisa, hata kwa majaribio.

Kwa hiyo vipele vikitoka leo, piga picha kwenye mwanga, simu yenyewe itaweka tarehe na saa. Mpeleke mtoto aonwe ndo muamue kuendelea au kuacha. Mwambie daktari asiandike aleji peke yake, aandike jina la dawa, siku ya ngapi ya dozi, saa ngapi baada ya kumeza, vilikuwaje, vilikaa siku ngapi, na mtoto alikuwa anaumwa nini. Na ukinunua dawa dukani za kufungiwa kwenye kibahasha, mwambie muuzaji aandike jina juu yake kabla hujaondoka, maana wazazi wengi wanakuja kuniambia alimeza "zile za rangi mbili" na dawa za rangi mbili ziko nyingi mno.