"Ajali Haina Kinga": Methali Inayonichosha Wodini

Wiki iliyopita nimeisikia tena. Kijana wa bodaboda, hogo kuanzia pajani hadi kwenye vidole. Namuuliza ya kawaida: ulikuwa unatoka wapi, barabara ilikuwaje, ulivaa helmeti? Hilo la tatu akanijibu kwa upole, kama anayembembeleza mtoto: "Dada, ajali haina kinga." Mama yake, aliyekaa pembeni na hotpoti ya uji, akaitikia, "Ndiyo mipango ya Mungu."

Mimi ni mtafiti wa majeraha chuo kikuu, na sehemu kubwa ya kazi yangu ni kukaa kando ya vitanda vya wodi ya mifupa. Methali hii imejaa kwenye fomu zetu hadi mwenzangu akapendekeza tuiwekee kisanduku chake cha kutiki.

Lugha yenyewe inatuponza. Neno ajali tumelitoa Kiarabuni, na huko ajal ni muda uliokwisha kupangwa, siku ya mtu ya kuondoka. Ukiita mgongano wa pikipiki na lori "ajali", umeshatoa hukumu kabla shahidi hajafungua mdomo. Jarida la kitabibu la Uingereza, BMJ, lilitangaza mwaka 2001 kwamba linaachana na neno la Kiingereza la namna hiyo, accident, kwa sababu hiyohiyo. Mimi sijafika huko, nasema ajali kama kila mtu. Ninachokikataa ni hiyo "haina kinga".

Mwishoni mwa miaka ya 1960 daktari Mmarekani William Haddon alichora jedwali ambalo bado tunalitumia. Upande mmoja: kabla ya tukio, wakati wa tukio, baada ya tukio. Upande wa pili: mtu, chombo, mazingira. Sasa mweke kijana wetu humo. Kabla: saa mbili usiku, barabara haina taa, balbu ya mbele imeungua tangu wiki iliyopita, amebeba abiria wawili mgongoni (mshikaki), na yuko kijiweni tangu alfajiri kwa sababu hesabu ya bosi haijatimia. Wakati wa tukio: helmeti ipo, lakini inaning'inia kwenye saiti mira. Baada: wasamaria wanamkamata mikono na miguu na kumtupia kwenye bajaji, mguu uliovunjika unalegea huku na huko, hakuna aliyefikiria kuufunga ubao. Kila nilipotaja hapo palikuwa na nafasi ya kukata mnyororo. Mungu hakuunguza ile balbu.

Na hiyo helmeti? Mapitio ya mwaka 2008 ya Cochrane, mtandao wa kimataifa wa kuchambua tafiti za afya, yaliyokusanya tafiti nyingi, yalikuta kwamba inapunguza uwezekano wa mwendesha pikipiki kufa kwa karibu 42%, na wa kuumia kichwa kwa karibu 69%. Niambie kidonge gani cha bei hiyo kinafanya hivyo. Lakini mkanda usipofungwa kidevuni helmeti inaruka kabla yako. Kaza mpaka vidole viwili tu vipite, basi. Abiria mnasema inanuka jasho la watu na inaharibu msuko. Ni kweli, inanuka. Bebeni kitambaa cha kuvaa ndani, au nunueni zenu. Mimi natembea na yangu hadi kanisani, watoto wa mtaani wananiita trafiki.

Kuna kauli nyingine isiyokosekana kwenye mkutano wowote: "Wananchi wapewe elimu." Semina, fulana, chakula cha mchana, picha ya pamoja. Tafiti za mafunzo ya ziada kwa madereva wenye leseni zilipopitiwa kwa pamoja, hazikuonyesha kwamba yanapunguza ajali. Mwendo wa wastani wa magari ukipanda kwa 1%, hatari ya ajali ya kuua inapanda kwa takriban 4%, awe dereva kahudhuria semina au la. Dar es Salaam shirika la Amend lilijenga matuta, vivuko na njia za waenda kwa miguu kuzunguka shule za msingi. Shule hizo zikalinganishwa na zisizojengewa, na majeruhi walikuwa wamepungua kwa kama robo. Mwaka 2019 mradi huo ulishinda tuzo ya kimataifa ya miji ya WRI Ross. Tuta halisubiri dereva aelimike.

Nje ya barabara pia kuna kauli za aina hii. "Ya mke na mume hayaingiliwi." Yanaingiliwa, na inasaidia. Kampala, mpango wa SASA! wa shirika la Raising Voices ulitumia majirani wa kawaida kuzungumza na wenzao kuhusu nani ana nguvu juu ya nani nyumbani. Matokeo ya jaribio yalitoka mwaka 2014: wanawake waliopigwa na wenzi wao ndani ya mwaka walikuwa pungufu kwa 52% kuliko kwenye mitaa isiyofikiwa.

"Aliyeamua kujiua huwezi kumzuia." Sri Lanka ilipiga marufuku viuatilifu vyenye sumu kali zaidi, hatua kwa hatua, na kati ya 1995 na 2015 kiwango cha kujiua kilishuka kwa takriban 70%. Mavuno hayakuporomoka. Hamu ya kufa mara nyingi hupita, ila sumu kali haimpi mtu muda wa kuisubiri ipite.

La mwisho: "Takwimu za vipigo polisi wanazo." Huko Cardiff, Uingereza, daktari wa upasuaji wa taya, Jonathan Shepherd, aligundua kwamba wengi aliowatibu baada ya kupigwa hawakuwa kwenye vitabu vya polisi. Hospitali ikaanza kuuliza wapi, lini na kwa silaha gani, ikawapa polisi na manispaa majibu bila majina. Utafiti wa mwaka 2011 ulionyesha waliolazwa kwa vipigo walipungua kwa 42% ukilinganisha na miji inayofanana na Cardiff. Kwetu wapo wasiotaka hata kuifuata PF3, fomu ya polisi ya majeruhi. Mama anakuja jicho limevimba, anasema ameteleza kwenye ngazi. Ukiuliza anakoishi, ni chumba kimoja cha kupanga, nyumba ya chini. Siku hizi fomu yangu ina swali jipya: ngazi ngapi?