Aliyezama ziwani: pumzi kwanza, kisha saa aliyoingia majini

Wakazi wa Mwanza tunapotaja kuzama, mawazo hutupeleka kwa meli ya MV Bukoba iliyozama Ziwa Victoria Mei 21, 1996, au kivuko cha MV Nyerere kilichopinduka karibu na kisiwa cha Ukara Septemba 20, 2018. Hata hivyo, katika idara ya dharura waliozama huletwa mmoja mmoja: mvuvi wa dagaa aliyeanguka kutoka kwenye mtumbwi usiku, au mtoto aliyeifuata ndoo majini wakati mama yake akifua mwaloni, ufukweni mitumbwi inakotia nanga.

Anayezama hudhuriwa na kukosa oksijeni, na ubongo huanza kuharibika ndani ya dakika chache, muda usiotosha hata kumfikisha mgonjwa barabarani kutoka mialo mingi. Kwa hiyo sehemu kubwa ya matibabu yake imo mikononi mwa waliomtoa majini. Kosa linalonisikitisha zaidi ni kumning'iniza kichwa chini au kumkamua tumbo ili atapike maji. Ukifanya hivyo, maji ya tumboni hupanda pamoja na chakula na kuingia mapafuni, na dakika za thamani hupotea. Kama hapumui, mlaze chali, inua kidevu chake, mbane pua na umpulizie pumzi 5 mdomo kwa mdomo. Asipoonyesha dalili ya uhai, kandamiza katikati ya kifua mara 30 kwa kila pumzi 2, kwa kasi ya mara 100 hadi 120 kwa dakika, mpaka apumue au mhudumu wa afya ampokee.

Kwetu sisi wahudumu wa idara ya dharura ugumu huanzia kwenye swali moja: alikaa majini muda gani? Mara nyingi waliomleta ni wasamaria ambao hawakumwona akizama, na ndugu, kwa uchungu alionao, anaweza kutaja muda mfupi kuliko ulivyokuwa. Bila jibu hilo ni vigumu kuamua tuendelee kumhangaikia hadi lini, huku majeruhi anayevuja damu akiisubiri mikono hiyo hiyo. Simulizi za watu waliopona baada ya kukaa chini ya maji nusu saa hutoka kwenye maji ya baridi kali, yanayoupoza ubongo upesi. Maji ya juu ya ziwa letu yana nyuzi joto 24 au zaidi, na kinga hiyo haipo. Kumweleza mzazi jambo hilo, ilhali mwili wa mwanawe ungali na joto, ni kazi ambayo sijaizoea. Tunaomba basi anayemleta mgonjwa ataje saa aliyozama, na aseme pia kama mgonjwa ana kifafa, alikunywa pombe, au aliruka akajigonga kichwa au shingo.

Aliyezinduka naye aletwe hospitali hata akisema yuko salama, kwa sababu mapafu yaliyoingiwa na maji yanaweza kushindwa kazi saa kadhaa baadaye. Tunamweka chini ya uangalizi kwa saa 4 hadi 8, tukipima oksijeni na kasi ya kupumua. Akisharuhusiwa kurudi nyumbani, kikohozi kisichokoma, pumzi za haraka, homa au usingizi usio wa kawaida ni sababu ya kumrudisha hata usiku wa manane.