Fei-Fei Li: profesa aliyeanza na picha, si algoriti

Fei-Fei Li akitajwa, vyeo ndivyo hutangulia: profesa wa Stanford tangu 2009, mkurugenzi wa maabara ya akili mnemba ya chuo hicho kuanzia 2013 hadi 2018, na mwanasayansi mkuu wa akili mnemba wa Google Cloud kati ya 2017 na 2018. Mimi naona uzito wake uko kwenye uamuzi wa 2007, akiwa bado profesa kijana kule Princeton. Wenzake walikuwa wakishindana kunoa algoriti, yaani kanuni ambazo kompyuta hufuata kutambua picha. Yeye akageukia data.

Kompyuta iliyofundishwa kwa picha chache huzikariri tu. Iletee mbwa aliyejificha nusu nyuma ya kiti, inakwama. Li na mwanafunzi wake Jia Deng wakachukua WordNet, kamusi ya kompyuta yenye makundi ya nomino yapatayo 80,000, wakalenga kila kundi lipate picha 500 hadi 1,000 zilizohakikiwa. Mradi ukaitwa ImageNet.

Ugumu ulikuwa kwenye kuhakiki. Katika picha zilizoletwa na mitambo ya utafutaji ya intaneti, takriban moja kati ya kumi ndiyo iliyokuwa sahihi. Ili wapate za kutosha walitafuta pia kwa Kichina, Kihispania, Kiholanzi na Kiitaliano, na jina la aina ya mbwa likaongezewa neno "mbwa". Kuchambua wakawaachia vibarua wa mtandaoni kupitia Amazon Mechanical Turk, soko la kazi ndogondogo za kulipwa. Kibarua hukosea, mwingine hubofya bila kutazama, na hata walio makini hawakubaliani. Paka humtambua kila mtu, kura chache zinatosha; paka wa Burma anataka kura nyingi zaidi. Kwa hiyo kila kundi lilipimwa kwanza: sampuli ya picha ikapigiwa kura na watu wasiopungua 10, likapatikana jedwali la kuonyesha kura zinaaminika kwa kiasi gani, kisha kila picha iliyobaki ikaendelea kupigiwa kura hadi ifikie kiwango kilichowekwa. Hatua hii haisimuliwi sana, nami naamini bila hiyo mradi usingeaminika.

Mwaka 2009 waliwasilisha picha milioni 3.2 katika makundi 5,247 kwenye mkutano wa watafiti, kwa bango la kubandikwa tu. Baadaye zilipita milioni 14. Mashindano ya mifumo ya kutambua picha hizo yakaanza 2010 kwa makundi 1,000. Mfumo ulihesabiwa umekosea pale jibu sahihi lilipokosekana katika makisio yake matano ya kwanza. Mwaka 2012 mtandao wa neva (mfumo unaoiga kwa mbali seli za ubongo) wa Alex Krizhevsky, Ilya Sutskever na Geoffrey Hinton, uliofundishwa kwa kadi mbili za grafiki kwa siku tano hadi sita, ulikosea 15.3%. Aliyefuata alikosea 26.2%. Mbinu hizo za neva hazikuwa ngeni. Kilichokuwa kimekosekana ni nguvu ya kompyuta na data ya ukubwa huo.

Kasoro nazo ziliingia kupitia mlango uleule. WordNet ilikuwa na maneno ya matusi kwa binadamu, na picha za watu zikabandikwa lebo hizo. Mwaka 2019 timu ya ImageNet ilipitia makundi 2,832 ya watu, ikayaona 1,593 hayafai, na ikatangaza kuondoa picha zipatazo 600,000. Mwaka 2021 ikafifisha nyuso kwenye picha za mashindano. Mifumo iliyofundishwa upya ilipoteza usahihi usiozidi 1%.