Saa 15 kitini: maswali kuhusu miguu, maji na damu kuganda safarini

Tangu Oktoba 2018 kuna ndege ya moja kwa moja kutoka Nairobi hadi New York. Anayepanda daraja la kawaida hukaa kitini takriban saa 15, na miguu ndiyo inayoumia zaidi.

Kwa nini miguu huvimba hadi viatu vikatae kuingia?

Damu hushuka miguuni bila shida, lakini kupanda kurudi moyoni huhitaji nguvu ya misuli ya vigimbi, ambayo huikamua mishipa kila unapopiga hatua. Usipotembea, damu hutuama na majimaji yake huvujia kwenye nyama za mguu. Miguu yote miwili ikivimba bila maumivu, kwa kawaida hupungua yenyewe baada ya kutembea na kulala.

Damu kuganda je, niogope?

Bonge la damu likitokea kwenye mshipa mkubwa wa mguu, linaweza kung'oka, likafika mapafuni na kuua. Utafiti wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2007 ulionyesha kuwa safari ya zaidi ya saa 4 huongeza hatari hiyo karibu maradufu. Hata hivyo, kwa wenye afya njema ni kama msafiri mmoja kati ya 6,000, kwa hiyo usiache kwenda kumwona mjukuu. Wala si ndege tu: anayekaa kwenye basi kutwa nzima kutoka Dar es Salaam hadi Mwanza naye yumo.

Wa kujihadhari zaidi ni aliyewahi kuganda damu, aliyefanyiwa upasuaji karibuni, mjamzito, mama aliyejifungua karibuni, mgonjwa wa saratani, na anayemeza vidonge vya uzazi wa mpango vyenye homoni ya estrojeni. Hawa wamwone daktari kabla ya kukata tiketi.

Niko dirishani na jirani zangu wamelala. Nifanyeje?

Waamshe. Tumelelewa kutomsumbua aliyelala, basi tunajikunyata usiku kucha, na wengine hukataa hata maji ili wasihitaji choo. Hapo ndipo tunapojiumiza. Hewa ya ndani ya ndege ni kavu mno, unyevu wake mara nyingi haufiki asilimia 20. Kunywa maji, sema "samahani, naomba kupita", utembee kila baada ya saa moja au mbili. Ukiweza, chagua mapema kiti cha kwenye ujia.

Ukiwa umekaa, inua vidole visigino vikiwa chini, kisha inua visigino, urudie mara nyingi. Mkoba usiuweke mbele ya miguu. Pombe na dawa za usingizi ziache, maana hukulaza mkao mmoja kwa saa nyingi.

Soksi za kubana na aspirini?

Soksi maalumu zinazoishia chini ya goti husaidia, mradi ziwe saizi yako. Aspirini usimeze kwa sababu ya safari tu. Inaweza kukutoa damu tumboni.

Lini nikimbilie hospitali?

Mguu mmoja ukivimba, ukauma na kuwa na joto. Ukihema kwa shida, kifua kikichoma unapovuta pumzi, au ukikohoa damu, nenda saa hiyo hiyo. Mwambie daktari kwamba ulisafiri, hata kama ni wiki mbili zilizopita.