Kitako cha magazini ni nini, na kwa nini watu wanakibadilisha

Ukitaja kitako mbele ya mzee wa hapa Malindi aliyewahi kushika bunduki, atafikiria ile mbao inayoegemea bega, na hajakosea, hicho ndo kitako cha bunduki tangu zamani. Mimi naongelea kingine, kitako cha magazini ya bastola, yaani kile kisanduku cha risasi, na kitako chake ni kile kibamba cha chini kabisa ambacho ukishaingiza magazini kwenye mpini ndo kitu pekee cha magazini unachokiona kimebaki nje. Kuna wanaokiita kifuniko cha chini, sawa pia.

Na magazini yenyewe si neno geni kwetu sana, Waarabu wanasema makhazin, yaani maghala, na mzizi huohuo ndo uliotupa sisi hazina, Wazungu wakalichukua wakaliita ghala la baruti alafu baadae kisanduku cha risasi. Kwa hiyo ni ghala kweli, lina kuta, ndani mna springi, juu ya springi kuna kijisahani kinachosukuma risasi kwenda juu, na chini kuna kitako kinachozuia vyote visimwagike. Hio springi ikiwa imekaa ndani inasukuma pande mbili muda wote, juu inasukuma risasi, chini inasukuma kitako. Watu wengi wanasahau huo upande wa chini, na karibu shida zote za kubadilisha kitako zinatokea hapo.

Ami yangu ana bastola ya leseni, kafanya kazi ya kulinda mahoteli huku pwani miaka mingi, na nimekaa naye mara nyingi akiisafisha chumbani mlango umefungwa. Kwanza anatoa magazini, anavuta nyuma slaidi, ile sehemu ya juu ya bastola inayoteleza, anaangalia ndani ya chemba, pale risasi inapokaa kabla ya kupigwa, alafu anatia kidole kuhakikisha kwa sababu hayaamini macho peke yake, risasi anaziweka chumba kingine kabisa. Ndo anatandika leso kuukuu kitandani. Yake ni Glock, kitako chake ni cha plastiki kinachoteleza kwenye vijireli viwili pembeni, na ndani kuna kipande kingine kidogo chenye kichwa kinachochomoza kwenye tundu la kitako kukifunga kisitoke chenyewe. Akishakibonyeza hicho kichwa na kitako kikaanza kusogea, dole gumba lake halitoki pale kwenye uwazi wa chini wa magazini ata sekunde moja, kwa sababu siku moja lilitoka na springi ikaruka ikamchapa chini ya jicho, alama anayo. Siku hio nlikuwepo, na alivyokung'uta ile magazini juu ya leso ukatoka mchanga mweupe wa pwani kama chumvi ya kubana kwa vidole viwili, na pete za mwisho za springi zishaanza kutu rangi ya chai. Hewa ya bahari hii haina huruma na chuma, mtu wa Lamu au Malindi anafaa kufungua kitako mara nyingi kuliko mtu wa bara.

Sasa kwa nini mtu akibadilishe. Sababu ya kwanza ni kuvunjika tu. Magazini ikidondoka inatangulia kitako mara nyingi, na ikidondokea sakafu ya saruji plastiki inapata ufa, ufa ukifika kwenye kile kijireli springi inamaliza kazi yenyewe. Ndo maana kuna vitako vyenye raba chini, hasa vya mtu anayefanya mazoezi ya kubadilisha magazini haraka. Ya pili ni mkono, bastola ndogo kama Walther PPK mpini wake ni mfupi, kidole cha mwisho kinakosa pa kukaa, basi kitako kinatengenezwa na ulimi mbele wa kukishikilia. Ya tatu ni uzito: wapigaji wa mashindano wanaweka kitako cha alumini au shaba ili wakibonyeza kitufe magazini ianguke yenyewe upesi badala ya kusitasita.

Kitako kimewahi kupewa kazi zingine pia. Zile bastola za M1911 za mwanzo za Marekani, magazini zake zilikua na kipete chini cha kupitisha kamba, askari wa farasi akiiachia isipotee, vile mvuvi anavyofunga ndoo ya kutolea maji kwenye mashua. Na bastola kama Walther P38 kufuli ya magazini iko kisiginoni mwa mpini, inashika magazini kwa chini kabisa, so huko huwezi kuweka kitako cha sura yoyote unayotaka, ukikosea magazini haikai.

Ya nne ndo inayopendwa na ndo inayoharibu, kitako kirefu cha kuongeza risasi. Glock 17 magazini yake ya kawaida inabeba 17, kuna kitako kinachoongeza mbili zikawa 19. Kwa macho ni rahisi, nafasi imeongezeka chini basi jaza. Lakini springi ni ileile, ulichoiongezea ni safari, kwa hiyo ikifika risasi za mwisho haina nguvu tena, risasi inapanda kwa uvivu, pua inainama inakwama, ama slaidi haibaki nyuma magazini ikiisha. Ndo maana vitako vingi vya aina hio vinauzwa na springi yake, na anayenunua kitako bila springi kajinunulia bastola itakayokwama siku anayoihitaji. Kwenye mashindano ya IPSC, shirikisho la kimataifa la kupiga shabaha, lile daraja la Open, urefu wa magazini wenyewe unapimwa usizidi milimita 170. Na kwa wenzetu wa California kule Marekani risasi zaidi ya 10 kwenye magazini moja tayari ni mambo ya sheria, kitako tu kinaweza kukuvusha mstari.

Huku kwetu Kenya silaha ziko chini ya sheria Sura ya 114 na leseni ni ya Bodi ya Leseni za Silaha, mwisho wa 2018 wenye leseni waliamriwa kukaguliwa upya wote. Maoni yangu ni haya: kabla hujaagiza kipande chochote, ata kiplastiki, uliza Bodi au muuzaji aliyesajiliwa, usimpelekee fundi wa leithi akuchongee. Na bastola ya kujilinda iache na kitako cha kiwandani, kikipasuka weka kilekile, vya raba na shaba ni vya uwanjani.

Ami alifanya hivyohivyo. Magazini ya kubeba ina kitako kama ilivyotoka kiwandani, ya mazoezi ina cha raba, na hio ya mazoezi kaipiga doa la rangi nyeupe ya mashua ubavuni ili ata usiku asizichanganye.