Kinundu kwenye kidole gumba cha mguu: pima kiatu kwanza

Wagonjwa wenye kinundu kando ya kidole gumba cha mguu huniuliza jambo moja kuliko yote: kile kifaa cha plastiki cha kuvalia usiku, kinachouzwa mitandaoni, kitakinyoosha kidole? Kwa mtu mzima, hapana. Mfupa mrefu ulio nyuma ya kidole umesogea upande wa ndani wa mguu, na kidole chenyewe kimeegemea cha pili. Kwenye eksirei, pembe kati ya mfupa huo mrefu na mfupa wa kidole gumba ikizidi nyuzi 15 tunahesabu kwamba kiungo kimepinda. Kifaa kinaweza kutuliza maumivu kidogo. Ukikivua, kidole kinarudi kilipokuwa.

Maumivu ni habari nyingine, na hapo ndipo mimi kama mtaalamu wa fiziotherapia nina kazi. Mara nyingi chanzo ni kiatu kinachosugua kifuko cha majimaji kilicho juu ya kiungo mpaka kivimbe. Vitabu husema patakuwa pekundu. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani vizuri, kwa hiyo gusa usikie joto.

Jioni, miguu ikiwa imevimba kidogo kwa shughuli za mchana, simama pekupeku juu ya karatasi na umwambie mtu akuchoree unyayo. Weka kiatu chako cha kazini juu ya mchoro. Wengi hushangaa kuona kiatu ni chembamba kuliko mguu, na kuongeza namba moja hakusaidii ikiwa kimerefuka tu bila kupanuka mbele. Nenda soko la mitumba, Gikomba au Toi hapa Nairobi, na karatasi hiyo mkononi. Kwenye mtumba usiamini namba iliyoandikwa, na pitisha kidole ndani kutafuta mshono unaopita pale penye kinundu. Kiatu cha ngozi halisi unaweza kumpelekea fundi akipanue pale pale panapobana. Cha plastiki hakipanuki hivyo. Kama ofisi inadai kisigino kirefu, kibebe kwenye mkoba, uvae raba kwenye matatu na njia yote kutoka steji.

Siku kikiuma sana, funga barafu kwa kitambaa, uweke dakika 15. Jeli ya diclofenac naipendelea kuliko vidonge, hasa kwa mwenye vidonda vya tumbo, figo au presha. Huyo amuulize mfamasia kabla ya kununua chochote. Nyoosha pia misuli ya nyuma ya mguu ukisukuma ukuta, kwa sababu ikikaza huongeza uzito sehemu ya mbele ya mguu. Kitenganisha vidole cha silikoni? Sawa, ila kiatu kiwe na nafasi. Ndani ya kiatu chembamba kinaongeza msongamano tu.

Kiungo kikikuamsha usiku ghafla, kimevimba, kina moto, hata shuka haligusiki, huenda ni jongo (gout). Hayo yanataka kipimo na dawa tofauti. Ukiwa na kisukari, usisubiri maumivu: ganzi inaweza kuficha kidonda, kwa hiyo miguu ikaguliwe na mtaalamu. Kuhusu upasuaji, nampeleka kwa daktari wa mifupa yule ambaye amebadilisha viatu kwelikweli na bado hawezi kutembea vizuri. Anayetaka mguu upendeze tu ndani ya sandali, namshauri aache. Uvimbe baada ya operesheni huweza kukaa miezi kadhaa.