Umefungua poti na wenzako bado hawaingii? Tazama kwanza anwani ya ruta

Malalamiko ninayoyasikia kuliko yote ni haya: "Nimefungua poti, seva ya gemu inawaka hapa nyumbani, lakini wenzangu hawaingii." Mtu akiniambia hivyo, simuulizi habari za poti. Namuuliza anwani ya WAN (ile ya upande wa intaneti) kwenye ruta yake inaanza na namba gani.

Kompyuta yako inapoomba kitu mtandaoni, ruta inaandika ombi hilo kwenye jedwali lake, na jibu likirudi inajua limpelekee nani. Rafiki anayetaka kuingia kwenye seva yako anakuja bila kuitwa. Ruta haina kumbukumbu yake, basi inamtupa. Kufungua poti, au kuielekeza, ni kuiachia ruta maagizo: anayegonga mlango namba 25565, mpeleke kwenye kompyuta ile pale. Maagizo hayo hayana faida ikiwa wagonga mlango hawafiki kwako kabisa.

Ingia kwenye ukurasa wa ruta, mara nyingi 192.168.1.1 au 192.168.0.1, usome anwani ya WAN. Kisha fungua tovuti yoyote inayokuonyesha IP yako. Namba zikilingana, endelea. Zikitofautiana, na ile ya ruta ikawa kati ya 100.64 na 100.127, mtoa huduma amewaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja (CGNAT), na hakuna cha kubofya ndani ya ruta yako kitakachosaidia. Mimi niliwahi kukesha nikibadilisha poti na kuwasha upya kila kitu. Alfajiri ndipo nikaona WAN inaanza na 100.72. Hapo unamwomba mtoa huduma anwani ya umma, au unatumia IPv6 (anwani za kizazi kipya) kama pande zote mbili na gemu lenyewe vinaikubali, au mnaunganishwa kwa VPN (mtandao wenu wa faragha juu ya intaneti). Ikianza na 192.168, huenda una ruta mbili zilizofuatana: moja iweke kwenye hali ya daraja (bridge), ipitishe data tu bila kugawa anwani.

Sasa ndiyo poti. Ipe kompyuta ya seva anwani ya kudumu kwa kuifungia MAC yake (namba ya utambulisho ya kadi ya mtandao) kwenye DHCP (sehemu ya ruta inayogawa anwani), la sivyo kesho itapewa nyingine na maagizo yataelekeza kwenye printa. Halafu angalia itifaki, yaani data inasafiri kwa TCP au kwa UDP, maana hapa wengi huteleza: Minecraft ya Java hutumia 25565 kwa TCP, ya Bedrock 19132 kwa UDP, Terraria 7777 kwa TCP, Valheim 2456 na 2457 kwa UDP. Ukikosea itifaki hupati ujumbe wa kosa. Ni kimya tu. Ruhusu pia programu ya seva kwenye ngome (firewall) ya Windows.

Kujaribu kuna mitego yake. Poti haijibu kama hakuna programu inayosikiliza, kwa hiyo washa seva kwanza. Tovuti nyingi za kupima poti hupima TCP peke yake, hivyo zitakwambia Valheim imefungwa hata ikiwa wazi. Na usijaribu ukiwa ndani ya mtandao wako kwa anwani ya nje, kwani baadhi ya ruta haziwezi kulirudisha ndani ombi lililotoka ndani. Chukua simu, zima Wi-Fi, tumia data.

UPnP (programu kuiomba ruta iwafungulie poti) mimi huizima, kwa sababu programu yoyote iliyomo ndani inaweza kujifungulia mlango bila kuniuliza. DMZ (kupeleka poti zote kwenye kompyuta moja) usiiguse, inaianika kompyuta nzima kwa ajili ya poti moja.

Seva iunganishe kwa waya. Kasi ya kupakia ndiyo inayowabeba wachezaji wako, si ya kupakua, na mtu mmoja nyumbani akianza kupandisha video wote watagandaganda. Ruta yako ikiwa na SQM (inayopanga foleni ya data), iwashe na uweke kikomo chini kidogo ya kasi yako halisi ya kupakia.

Na kabla hujawapa wenzako anwani, andika kwenye konsoli (dirisha la amri) ya seva ya Minecraft "whitelist on", ili waingie walioruhusiwa tu, kisha uwaongeze mmoja mmoja kwa "whitelist add". Seva yangu ya kwanza niliiacha wazi, na kabla rafiki hata mmoja hajaingia, logi ilikuwa imeshajaa majina nisiyoyajua. Kuna roboti zinazozunguka intaneti nzima zikigonga 25565.